Mchungaji Aliyezika Harusi

Jumamosi hiyo mchungaji alikuwa na maziko asubuhi, harusi mchana na kikao cha wazee wa kanisa jioni. Halikuwa jambo geni. Jumamosi zake zote zilikuwa hivyo. Lililokuwa geni ni kwamba bibi na bwana harusi walipopiga magoti mbele yake, alifungua kinywa akaanza kuwaombea wapumzike kwa amani. Akawaita marehemu wapendwa wetu. Akawashukuru waombolezaji waliosafiri kutoka mbali. Watu wa viti vya nyuma wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wa kuchangamsha harusi. Wa mbele, waliomwona macho, hawakucheka. Bibi harusi aliinua uso, wanja ukimchirizika mashavuni. Mchungaji alijisikia akisema kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, asijue pa kuizimia.

Mchungaji msaidizi akamshika mkono, akamketisha, akaifungisha ndoa mwenyewe.

Daktari alipima kila cha kupimwa, asione kitu. "Umechoka," akasema. "Na si uchovu wa kulala usiku mmoja ukaisha. Umejikamua mpaka umebaki makapi." Askofu akampa likizo ya lazima. Kwa kuwa nyumba ya mchungaji ilipakana na kanisa ukuta kwa ukuta, mkewe akampeleka kwa wifi yake, dada mkubwa wa mchungaji, mwokaji mikate mwenye nyumba upande wa pili wa mji na ulimi usio na breki.

Siku za kwanza alilala kama gogo. Kisha akaamka na hasira.

Ilianza na vitu vidogo: kijiko kikigonga sufuria, mlango ukibamizwa. Simu ya mtu yeyote ikilia, meno yalimuuma. Halafu hasira ikapata sura za watu. Alikaa juu ya gunia la unga nyuma ya tanuri, akiwakumbuka mmoja mmoja. Yule aliyemwamsha alfajiri aombee gari lililogoma kuwaka. Yule aliyemsema kwamba mahubiri yake siku hizi hayana upako, na mwenyewe husinzia tangu wimbo wa kwanza. Alimpigia bibi harusi kumwomba radhi, akakatiwa simu. Huyo peke yake ndiye ambaye mchungaji hakumlaumu. Wengine wote aliwachukia, na chuki hiyo ikamtia aibu, maana miaka yote alikuwa akifundisha watu kumeza hasira.

"Kanda," dada yake akamwambia, akimsukumia donge la unga. "Na usiliombee. Lipige tu."

Akalipiga mpaka mabega yakamuuma.

Alikuwa amekaa huko wiki kadhaa wazee wa kanisa walipokuja kumtia moyo. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alibandikwa jina la Kipaza, kwa sababu akiongea kanisani hakuhitaji kipaza sauti. Mke wa mchungaji alikuwa amekuja siku hiyo pia. Akawamiminia chai, akasimama dirishani.

"Mchungaji, umenawiri," Kipaza akanguruma. "Tunamshukuru Mungu. Sasa, tumekuja kwa jambo dogo tu. Jumapili ijayo tunazindua jengo jipya. Askofu atakuwepo. Njoo utoe neno, dakika tano, halafu urudi upumzike."

"Daktari amekataza."

"Daktari ni binadamu, sisi tunamtegemea Mungu. Na watu wameanza maneno, Mchungaji. Wengine wanasema una mapepo."

Mchungaji akaweka kikombe mezani taratibu.

"Mzee, mama yako alipolazwa, nani alilala kwenye benchi hospitalini?"

"Ni wewe. Mungu akubariki."

"Na siku mama yangu anakata roho, mimi nilikuwa wapi?"

Kipaza akawatazama wenzake.

"Nilikuwa sebuleni kwako," mchungaji akasema. "Nawasuluhisha wewe na mkeo, mmegombania rimoti ya televisheni. Dada yangu huyu akapiga simu, akapiga tena. Ukaniambia, zima hiyo simu, Mchungaji, tuko kwenye mambo ya Mungu. Nikaizima. Mama akafa ananiulizia. Nikamzika, na jioni yake mkaniita kikaoni tuamue rangi ya sare za kwaya." Sauti yake sasa ilikuwa imeipita ya Kipaza, na vikombe vilitikisika kwenye visahani. "Sina dakika tano. Sina hata moja. Mkitaka kitu cha kumwonyesha askofu, mwonyesheni jengo. Na kama nina mapepo, basi yana akili kuliko mimi, maana ndiyo yaliyonitoa pale."

Wazee wakainuka. Mmoja wao, aliyekuwa kimya muda wote, aligeuka mlangoni. "Hatukujua, Mchungaji."

"Hamkuuliza."

Walipokwenda, alijisikia mwepesi. Akamgeukia mkewe kama mtu anayengoja pongezi. Mkewe alikuwa anakusanya vikombe.

"Umesikia nilivyowaambia?"

"Nimesikia. Yote ni kweli. Sasa simu ilizimwa na kidole cha nani?"

Mkewe akavipanga vikombe kwenye sinia.

"Kila siku nilikwambia, umtume msaidizi wako. Ukasema watu wanakutaka wewe. Na ulikuwa unasema hivyo ukiwa umefurahi, mume wangu, nilikuwa nakuona. Binti yako akitaka kuongea na wewe, anapitia kwa katibu wa kanisa. Unalijua hilo? Hao wazee wamekutafuna, sikatai. Lakini aliyejipakua kwenye sahani ni wewe."

Hasira aliyoipata hapo ilizidi zile zote za nyuma, kwa sababu haikuwa na pa kutupiwa. Akatoka, akaenda uani kulikorundikwa makreti mabovu ya mikate, jua likiwaka utosini. Akaomba kwa mara ya kwanza tangu harusi, kama yale yanaweza kuitwa maombi. Alimwambia Mungu kwamba amemchoka. Kwamba alimchukua mama yake huku yeye yuko kazini Kwake, bila hata kumdokeza. Alitumia maneno ambayo aliwahi kumkemea kijana mmoja kwa kuyatamka mbele ya kanisa. Hakuna sauti iliyojibu. Radi nayo haikupiga. Mwishowe akaketi juu ya kreti, akamlilia mama yake. Siku ya maziko hakulia; yeye ndiye aliyekuwa akiyaongoza.

Dada yake akatoka, unga mpaka kwenye nyusi, akaketi kando yake.

"Mama hakuuliza mbona hujaja," akasema. "Aliuliza kama umekula. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe. Bado ninayo."

"Haya, dada."

"Haya nini?"

"Kuwa nayo tu. Ni haki yako."

Hakurudi kazini upesi, na aliporudi, alirudi na masharti. Jumatatu ni ya nyumbani. Maziko wanapokezana na msaidizi. Simu inazimwa jioni, na safari hii kwa ajili ya watu wa ndani. Kipaza alipinga mpaka vioo vikatetemeka, kisha akahama kanisa na familia kadhaa, akitangaza kwamba mchungaji amegeuka mtu wa ofisi. Ilimuuma mchungaji vibaya. Zamani angetabasamu na kumwombea baraka mimbarani. Sasa alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Nimekasirika, na kesho bado nitakuwa nimekasirika," mkewe akasogeza kiti amsikilize.

Jumatatu moja mtu alibisha hodi. Ndugu wawili wanagombania ukuta, akasema, na hawatamsikiliza mwingine ila Mchungaji mwenyewe. Ule utamu wa kutakiwa ukampanda kifuani, mtamu kama zamani, na mkono ukawa tayari umeshika koti.

"Nenda kwa msaidizi," akasema. "Leo sipo."

"Lakini upo hapa, Mchungaji. Nakuona."

"Sipo."

Mtu yule akaondoka akinung'unika, akibamiza geti. Mchungaji akabaki mlangoni, amemkasirikia mtu yule, amejikasirikia mwenyewe kwa kutamani kumfuata. Kisha akalitundika koti, akaingia ndani alikokuwa anangojwa na binti yake, mwenye hesabu za sehemu ambazo baba mtu hakuzielewa vizuri.