Mbombo wa Udongo wa Kichuguu

Jumatatu asubuhi Profesa Adolphe aliazima jembe kwa mlinzi wa shamba la misheni, kando ya barabara ya Kakanda, akaanza kuchimba kichuguu. Wanafunzi wake kumi na saba walikuwa wakitwanga mawe ya kijani ndani ya kinu cha sombe, yale majani ya muhogo. Shule yao ya Likasi haikuwa na karatasi wala rangi tangu mwaka wa tisini na mbili, na walimu walikwisha kusahau sura ya mshahara. Ndiyo maana profesa aliwapakia wote juu ya lori la makala, yaani mkaa, wakaja kukaa juma zima porini. Rangi, alisema, zimelala chini bure. Mtu ni kuinama tu.

Zilikuwa siku za furaha. Kijani kilitoka kwenye mawe ya shaba, nyekundu kwenye kichuguu, nyeusi kwenye makala yaliyokuwa yamewachafua njiani. Walikula bukari, ugali wa kwao, na sombe, wakaimba mapambio wakioga mtoni. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza, kwa vitu vya porini, kitu ambacho siku hizi hawakuwa nacho. Wengi walitengeneza chakula. Éphraïm alifinyanga kambare mnene, akamtia masharubu ya nyasi. Hadassa, binti wa miaka kumi na sita kutoka mtaa wa Kikula, alimfinyanga rafiki yake Mbombo.

Walikuwa wameketi dawati moja miaka minne, hadi watu wenye asili ya Kasai, mkoa jirani, walipofukuzwa mjini, na Mbombo na wazazi wake wakapanda treni. Tangu siku hiyo hata barua haikuja. Hadassa alimfinyanga kwa urefu wake kamili, akamsuka nywele za mizizi, akamvika majani ya mgomba, akamwegemeza kwenye ukuta wa zizi la mbuzi akauke.

Kesho yake asubuhi Mbombo alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya uji.

Profesa aliita majina. La Mbombo lilikuwa bado kwenye daftari, kwa kuwa hapakuwa na daftari jingine la kununua, na kwa miaka miwili aliliita kila asubuhi na kuandika kwamba hayupo.

"Mbombo?"

"Présente, Professeur."

"Umechelewa."

"Treni ilikawia, Professeur."

Profesa alijua hali ya treni. Akaandika kwamba yupo, akaendelea na jina lililofuata. Éphraïm peke yake ndiye aliyenung'unika, akitaka kujua mbona kambare wake bado amelala. Akaenda kumgeuza upande wa jua.

Hadassa alifurahi hata uji ukampoa mkononi. Waliupaka rangi ukuta wa zizi la mbuzi wakiwa wawili, na kama zamani, Mbombo alimshinda kwa kuchora ndege. Goti la Mbombo lilipopata ufa, Hadassa aliliziba kwa udongo mbichi. Udongo haukumsumbua. Kilichomnyima raha ni swali alilojua litakuja, na lilikuja Alhamisi, walipokuwa wakichuja rangi nyekundu kwa kitambaa.

"Hadassa, nyumba yetu iko namna gani?"

"Iko muzuri. Mupapai ulizaa."

"Nani anaikala mule?"

"Batu."

"Batu gani?"

Hadassa alikamua kitambaa hadi kikaisha maji. "Ni shiye, watu wa kwetu," akasema.

Akamweleza yote. Casimir, baba yake Hadassa, fundi wa kiwandani, mtu mpole asiyewahi kumpiga hata mbwa, alipita pale saa ile ile walipofukuzwa, akakuta mlango wazi na sufuria juu ya mbabula, jiko la makala. Akaenda kuwaita mkewe na watoto wahamie.

"Na maharage ya mama?"

"Tuliyala. Yalikuwa yangali moto."

Mbombo alifikiri. "Yalikuwa na chumvi?"

"Hapana."

"Alisahau juu ya haraka," Mbombo akasema, akaangua kicheko. Hadassa naye akacheka, kisha akalia. Mbombo hakuweza kumfuta machozi kwa vidole, vingelowa, basi akampa kile kitambaa, na uso wa Hadassa ukawa mwekundu hadi jioni.

Jumamosi lori lilirudi. Mlinzi alisema Mbombo anaweza kubaki shambani. Hali chakula kingi, na mbuzi wamemzoea. Hadassa aliona jinsi ingekuwa rahisi. Alitamani kuitikia, na aibu ya kutamani ikamchoma.

"Minye nitashukia wapi?" Mbombo akamwuliza.

"Kwetu," Hadassa akasema. Kisha akasema, "Kwenu."

Casimir alikuwa mlangoni akiziba mpira wa baiskeli. Alimtazama mgeni kuanzia miguu hadi nywele za mizizi.

"Huyu si mutoto wa Papa Théophile?"

"Ni yeye, papa."

"Ah. Amekuwa mukubwa." Akainuka, akampa kiti chake. "Ikala, mama. Jisikie kama uko kwenu."

Mbombo aliketi, akashukuru kwa mikono miwili. "Papa," akasema, "na baba yangu akirudi?"

"Akirudi tutaongea," Casimir akajibu kwa upole, akamwita mkewe alete bukari.

Chumba cha kulala kilijaa watoto, kwa hiyo Mbombo alitandikiwa mkeka sebuleni. Hadassa aliacha kitanda, akaja kulala karibu naye. Jumatatu walikwenda shule, wakakaa kwenye dawati lao.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilianza kunguruma upande wa milima. Casimir alipanda juu ya bati na kopo la lami. Mbombo alisimama chini, akimwonyesha kwa kijiti kila tundu lilipo, maana aliyajua yote tangu utoto. Majirani walisimama kutazama, wakamsifu Casimir kwa moyo wake.

"Mu nyumba yangu," Casimir akawajibu kutoka juu, akipaka lami, "mugeni hanyeshewe."