Gia Boksi ya Shemeji

Mimi ni fundi magari, na hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema, kusudi nikikufokea umesimama juu ya spana zangu usije ukanuna.

Gari lenyewe lilikuwa la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Stesheni wagoni ya tabo, buti refu la kulala mtu mzima, imeshakimbia zaidi ya kilomita laki nne. Shemeji tulimwita Rubani, maana alivyokuwa akiliendesha, matairi yaligusa lami kwa heshima tu. Injini ya tabo ina nguvu za kiherehere, na kinachoumia ni gia. Ya pili ikaanza kulia, ya tatu ikawa inachomoka yenyewe katikati ya mlima. Nikamwambia lete nikutengenezee, akasema kesho, kesho, mpaka gari likagoma kabisa uani kwake. Kabla sijalifikia, kiharusi kikamfikia yeye. Kikamchukua upande wote wa kushoto, mkono na mguu.

Alirudi kutoka hospitali na gongo la kutembelea, mdomo umepinda kidogo, na neno moja: "Shemeji, gia boksi." Kila nikienda kumjulia hali, gia boksi. Alishajiwekea kichwani kwamba siku gari litakapotoka getini, yeye ndiye atakuwa kwenye usukani. Na mguu wa klachi ni upi? Si wa kushoto? Hata mtoto angejua. Lakini nani amwambie? Mimi na mdomo wangu wote huu, niliufunga.

Nikaipata gia boksi kwenye gari la aina ileile, lililogongwa nyuma likakunjika. Kufa kufaana. Niliizungusha kwa mkono, nikazipitia gia zote, nikainusa oili yake. Ilikuwa nzima.

Kazi niliifanyia palepale uani kwao, chini ya bati. Rubani aliketi barazani, gongo mapajani, hanibanduki kwa macho. Nilipomwaga oili ya zamani ilitoka nyeusi, inametameta unga wa shaba. Nikampelekea kwenye kopo ajionee.

"Ona ulivyolitesa gari la watu," nikamwambia. "Kati yako na hii gia boksi, nani kafa kwanza?"

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Mimi bado sijafa. Nangoja spea tu."

Utani wa mashemeji huo. Nikarudi chini ya gari.

Ile ya zamani ilishuka bila matata. Kasheshe ilikuwa kupandisha hii nyingine. Klachi nayo nilishaweka mpya, maana ni ujinga kufungua kazi yote hiyo ukaacha klachi iliyoisha. Sasa shafti ya gia boksi lazima iingie katikati ya sahani ya klachi, sawasawa. Ikipishana kidogo tu haiingii, na huilazimishi. Nimelala chali, uzito nusu uko kwenye jeki, nusu kifuani kwangu, ndipo nikaona viatu vya dada karibu na kichwa changu.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "usiimalize."

"Dada, nina chuma kifuani."

"Nakuomba. Mwambie haikufaa. Mwambie ina ufa, sijui, wewe ndiye fundi. Gari likiwaka ataliendesha, namjua. Atangoja niende kazini, aingie humo na mguu wake mmoja. Ataua watoto wa watu, au nitaletewa yeye kwenye shuka. Nimemlisha, nimemgeuza kitandani kwa mikono hii. Sikumuuguza ili akafie barabarani."

Hasira zikanipanda, wala sijui zilikuwa za nani. "Yaani nimdanganye? Mtu kabakiwa na tamaa moja tu, halafu mimi ndiye niizike? Mwambie wewe, mkewe!"

"Nimeshindwa." Nikasikia analia. "Kila nikifungua mdomo, ananiuliza gari litakuwa tayari lini."

Niliisukuma tena kwa magoti, nikaitikisa kidogo, ikateleza ikaingia mpaka mwisho. "Imeingia," nikasema. Dada akaondoka.

Nikakaza bolti, nikajaza oili, nikalishusha gari chini. Niliwasha, nikajaribu gia zote mle uani, mbele na nyuma. Nikazima, nikatia funguo mfukoni, nikamwita Rubani. Uongo ulinishinda, na ukweli nao ulinishinda. Basi nikaliachia gari limwambie lenyewe. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ujasiri au woga.

Akaja na gongo lake, akaketi kwenye usukani. Akaunyanyua mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya klachi. Akabonyeza. Hamna kitu. Akabonyeza tena, mishipa ya shingo ikamtoka, jasho likamvuja. Akaushindilia mguu kwa mkono, ukateleza, ukaangukia pembeni.

"Klachi ngumu," akasema.

Ningeweza kuitikia, sikuitikia. "Hapana, shemeji. Ni laini."

Akanitazama sana. "Basi ni mimi."

"Ni wewe, shemeji," nikasema, na aliyeanza kulia ni mimi, na ukali wangu wote.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja moja kwa moja, wala hakumpa pole. "Hamia upande wa pili," akamwambia mumewe. Tukamshika, tukamzungusha, akaketi kiti cha kushoto. Kisha dada akaninyooshea mkono. "Funguo."

Leseni anayo, ila gari analoendesha kazini halina klachi. Mimi nikaingia nyuma na spana zangu. Getini akazimisha mara mbili. Rubani macho mbele tu. Tukatoka barabarani kwa gia ya kwanza, injini inapiga kelele, dada akaitafuta ya pili. Kraaa! Nikashika kichwa.

"We mwanamke!" Rubani akafoka, sauti ambayo hatukuisikia tangu augue. "Utaivunja! Bonyeza mpaka chini!" Mkono wake wa kulia ukaja, ukautoa wa dada kwenye fimbo ya gia.

Dada akabonyeza. "Haya."

Akaingiza ya pili. Ikaingia kimya.

"Achia. Taratibu, mama, taratibu. Sasa mafuta. Bonyeza tena."

"Nimebonyeza."

Ya tatu. Nilimwona Rubani kwenye kioo. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Mkono wa kushoto ulilala mapajani hauna habari, na wa kulia ulikuwa kazini.