Kiti cha Watu Wawili

Mdogo wangu Nunu alikuwa hamtaki mchumba wake, Saud, na mtu pekee aliyetaka kumwambia ni mimi. Hilo nililijua baadaye, maji yameshamwagika.

Mwaka 1998 treni ya kupinduka ilikuwa ndiyo habari ya Maskati nzima: reli ya chuma inapanda juu, inajikunja duara, abiria wanakuwa miguu juu, vichwa chini. Tulikwenda kwenye hiyo bustani ya michezo siku yao ya wanawake watupu. Kesho yake Nunu alikuwa awekwe ndani, asuguliwe singo mpaka harusi.

"Dada, twende mimi na wewe," akasema. "Kiti cha watu wawili."

Mimi ni mwoga, ila mdomo ninao. Nikajitia kichwa kinaniuma. "Na mambo gani haya ya kitoto, mtu unaolewa wiki ijayo?"

"Nnakuomba, dada."

Somo yake, Bi Bakhita, aliyekabidhiwa kumfunda, alikuwa hapo hapo. Kwetu somo akishapewa biharusi hambanduki, na tangu Ijumaa Nunu hakupata hata dakika ya peke yake. Bi Bakhita akajifunga ushungi. "Biharusi haendi pahala bila ya somo yake. Nnapanda miye."

Ningeweza kumzuia. Badala yake nilishukuru moyoni.

Kwenye duara sauti ya Bi Bakhita ilizishinda zote, anawaita mawalii mmoja mmoja. Waliposhuka Nunu alikuwa analia. Tukamcheka, mimi wa kwanza, tukamnunulia aiskrimu.

Miaka tisa baadaye alirudi kwetu Al Khoudh na talaka yake. Siku moja tunachambua mchele akanieleza yote: kwamba hakutaka mume, na kwamba kile kiti ndicho pahala pekee alipoona tungekaa bila ya masikio ya watu. Alieleza taratibu, bila ya kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Ningekwambia siku ile," akauliza, "Baba angekusikiliza?"

Baba, Mungu amrehemu, hakuwahi kunikatalia neno. Ningemwambia avunje posa, angeivunja kabla ya magharibi. Nunu alinikazia macho, mkono umesimama juu ya sinia.

"Asingenisikiliza," nikasema. "Alishatoa kauli yake."

Akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," akasema. "Miaka yote nikidhani wewe ungeniokoa."