Fiat Iliyopenda Kushoto

Okbazgi alikanyaga breki kwenye mteremko wa nyuma ya kanisa, na Fiat ikageuka kushoto kama mtu aliyeitwa. Hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi. Akabaki ndani, mikono juu ya usukani, asijue alaumu nini.

Viatu vya breki alivyofunga kwenye magurudumu ya mbele vilikuwa vipya. Vya zamani vilikwisha mpaka chuma kikaanza kusaga dramu, lile bakuli la chuma linalovifunika. Alianza upande wa kushoto, akaumaliza, ndipo akahamia kulia, asije akachanganya springi. Kazi ile aliijua tangu ujana wake. Nusu ya Asmara ilijifunzia udereva kwenye gari kama hii. Leo gari inamfanya mjinga.

Na hakuwa na muda wa kuwa mjinga. Tsehaytu, mama yake mkubwa, alikuwa amelazwa Massawa, na mama yake mzazi, Abrehet, alitaka kumwona dada yake angali anatambua watu. Mabasi yalikuwepo, lakini Abrehet hakuyapanda. Barabara ile ya kushukia baharini, kona juu ya kona, ndiyo iliyomchukua mumewe ndani ya lori lililokosa breki. Tangu hapo alisema atashuka na mwanawe au hatashuka kabisa.

Okbazgi akapiga jeki tena upande wa kulia, maana breki ikivuta kushoto, mvivu yuko kulia. Silinda haikuvuja. Springi zilikaa mahali pake. Akakaza, akalegeza, akafunga, akafungua. Kichwa kikamzunguka. Jirani yake Girmay, ambaye Fiat yake ilikaa juu ya mawe miaka nenda miaka rudi, akaja na ushauri mwingi kuliko spana.

"Labda umefunga kinyumenyume," akasema.

"Haya, njoo unionyeshe hicho kinyume kiko wapi."

Girmay akainama, akatazama, akakuna kidevu. Naye hakukiona. Wakapanda wote wawili, wakateremka tena na tena, Okbazgi akikanyaga kwa nguvu mpaka magurudumu yakapata moto. Gari ikaenda kushoto vilevile. Ndipo Girmay akainua pua.

"Kaka, mbona kama panapikwa?"

Hapakuwa na nyumba karibu. Palinukia uwatu na iliki, harufu ya jikoni siku ya sikukuu, nayo ilitoka gurudumu la kulia. Okbazgi akazidi kuchanganyikiwa; sasa hata pua yake hakuiamini. Walipofungua dramu, viatu vya breki vilivyoonekana vikavu mwanzoni sasa vilitoka mafuta kwa moto, vinang'aa. Akagusa kwa kidole, akanusa, akalamba kidogo. Ilikuwa samli ya viungo ya nyumbani kwao.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alirudi nyumbani amefura, kiatu cha breki mkononi. Abrehet alikuwa anakaanga buni.

"Mama, hii ni samli?"

"Ni samli." Hakuficha hata kidogo. "Ulipokuwa unahangaika kule kushoto, hivi vilikuwa kwenye kigoda. Mtoto akizaliwa tunampaka apate baraka, bibi harusi tunampaka. Kitu kipya cha safari nikiache kikavu?"

"Breki ikipakwa mafuta haishiki, mama. Tungekufa."

Mkono wake ukasimama juu ya kikaango. "Lori la baba yako hakuna aliyelipaka kitu," akasema.

Hasira yote ikamtoka Okbazgi, akabaki na huzuni. Siku zote alidhani mama yake anaiogopa barabara tu. Kumbe alikuwa bado anatafuta ni jambo gani lingeweza kufanywa asubuhi ile mumewe alipoondoka na lori.

Girmay, bila kuombwa, akaleta viatu vipya alivyokuwa ameiwekea Fiat yake isiyokwenda. Wakaosha dramu kwa petroli, wakaikausha, wakafunga. Nyuma ya kanisa gari ikasimama bila kugeuka popote.

Siku ya safari Abrehet akatoka na kibakuli chake cha samli, akasimama kando ya gari, asijue akipeleke wapi. Okbazgi, mtu mzima mwenye upara, akavua kofia na kuinamisha kichwa.

"Nipake mimi, mama. Anayekanyaga breki ni mimi."

Akampaka mpaka masikioni. Kwenye kona ya kwanza ya mteremko, samli ikimchuruzika shingoni, Okbazgi akakanyaga, na Fiat ikatii. Abrehet alikuwa amefumba macho. Akayafumbua, akatazama bonde.