Mkono Ndani ya Jipsamu

Vidole vya mkono wa kushoto vya fundi wa dari vilikuwa vinakufa, na mwenyewe ndiye aliyekuwa anakataza visisaidiwe.

Saa mbili asubuhi alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, akaulalia mkono. Mifupa yote miwili kati ya kiwiko na kiganja ikavunjika. Kufikia saa nne hospitali walikuwa wameshamfunga jipsamu nyeupe, kuanzia juu ya kiwiko mpaka kwenye mizizi ya vidole, wakamtilia karatasi ya maelekezo kwenye mfuko wa shati. Hakuisoma. Aisome ya nini? Jipsamu alikuwa anaikoroga mwaka wa ishirini na tatu sasa. Aliutazama mkono ule kwa jicho la kifundi na kazi ikamridhisha, maana kingo zilikuwa laini na hakukuwa na wimbi hata moja.

Maumivu yakaanza kupanda saa saba, akiwa kwenye kochi nyumbani. Alimeza vidonge viwili, akaongeza viwili. Ilikuwa kama kumwagia maji ukuta.

"Baba watoto, vidole vimekuwa baridi," mke wake akasema. "Vimepauka."

"Inakaza. Jipsamu inapata joto, halafu inakaza. Ukiichokonoa kabla ya wakati wake inapasuka, unaanza kazi upya. Iache."

"Hiyo ni dari. Huu ni mkono."

"Unga ni ule ule."

Saa tisa akaingia shemeji yake, kaka wa mke, mwenye bucha ya barabara ya pili. Alikuwa bado na aproni.

"Nasikia siku hizi unashuka bila ngazi, shemeji."

Fundi hakucheka. Kwenye kochi lile alikuwa amekaa kama mtu aliyebeba beseni la maji ya moto, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Mwenye bucha akaacha utani. Akapiga magoti, akaubonyeza ukucha wa kidole cha kati. Ukawa mweupe. Akauachia. Ukabaki mweupe.

"Unasikia ninapogusa?"

"Nasikia."

"Fumba macho. Haya, nimeshika kipi?"

Fundi akafikiri. "Cha pete."

Mke wake akageuza uso. Mwenye bucha hakuwa ameshika kidole chochote.

"Fumbua. Sasa vumilia kidogo." Akakishika kidole cha kati, akakinyoosha taratibu, kiasi cha unene wa sarafu tu. Maumivu yakakimbia ndani ya jipsamu mpaka kwenye kiwiko. Fundi aliuma ukosi wa shati lake, na haukutoka mdomoni mpaka kidole kilipoachiwa.

"Nimegusa kidole. Umeumia wapi?"

"Huku juu."

"Basi ndiyo hivyo. Kidole hakina nyama ya kujikunja nayo. Nyama inayokikunja iko huku juu, kwenye kidole inafika kano tu, kama kamba ya pazia. Na kila fungu la nyama limefungwa ndani ya utando wake. Utando huo hautanuki, mimi nauchana kila siku ya Mungu. Mkono umevimba kwa ndani, umefungwa kwa nje. Damu ipite wapi?"

"Wewe unajua mbuzi."

"Najua mbuzi. Naye ana mifupa, ana nyama, ana kano. Kilichowatofautisha ni ubishi."

Mke wake hakungoja wamalize. Alichomoa karatasi kwenye mfuko wa shati la mumewe bila kuomba, akasoma kwa sauti: "Maumivu yakizidi, vidole vikiwa baridi, vikipauka au vikifa ganzi, rudi mara moja." Akapiga namba iliyoandikwa chini, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

Muuguzi akauliza maumivu yalianza kuzidi lini.

"Saa saba."

"Sasa ni saa tisa na nusu, mama. Mko mbali?"

"Saa nzima kwa gari."

"Hapo pana mtu mwenye mkono uliotulia?"

Mke akamtazama kaka yake. "Yupo."

"Ipasueni jipsamu pande zote mbili, mpaka bandeji ya ndani, mpaka mwone ngozi. Kipande cha chini kibaki kiubebe mkono. Daktari namwandaa. Msikae."

Wote wawili wakamgeukia fundi. Yeye alikuwa anaiona akilini mifupa yake ikiteleza, mkono ukiunga kombo, na kazi ya dari inataka mikono miwili juu ya kichwa kutwa nzima. Akakiamuru kidole gumba kijikunje. Akakitazama. Akakiamuru tena. Kilikaa pale pale kama cha mtu mwingine.

"Pasua," akasema. Mwenye bucha alipokwenda kuchukua kisu kwenye gari lake, akaongeza kwa mkewe: "Maji ya moto na siki, vilainishe jipsamu. Ikiwa kavu kisu kitamteleza. Na asikandamize, aburute."

Wakaulowesha mstari, mwenye bucha akaburuta kisu cha kutolea mifupa, akaloweka, akaburuta tena. Mke alishika kiwiko kisitingishike. Chumbani ilisikika pumzi ya watu watatu na kisu kikikwaruza. Upande wa pili ulipokatika, ufa wa kwanza ulitanuka wenyewe, kidole kizima kingeingia.

"Imetosha," akasema mwenye bucha, shati limemganda mgongoni.

"Na bandeji," dada yake akasema.

Akachukua mkasi wa cherehani wa dada yake, akaikata bandeji nyuzi kwa nyuzi. Kipande cha juu kikanyanyuka. Ngozi ilikuwa inang'aa kama bilauri, imechapwa alama za bandeji. Wakahesabu kimya kimya. Ukucha wa gumba ukarudisha rangi, ukafuata wa shahada. Kucha nyingine hazikurudisha.

Saa kumi na moja na robo, hospitalini, daktari aliuchana ule utando kuanzia kiwikoni mpaka kwenye kiganja, na nyama ikafura nje kama unga wa maandazi uliozidi chombo. Fungu moja lilikuwa jeusi. Aliligusa, halikushtuka, akalikata.

Mkono uliachwa wazi siku tano. Akapasuliwa mara tatu, akakaa wiki kumi na moja akijiuguza. Mifupa iliunga sawasawa. Kidole gumba kinajikunja, cha shahada kinajikunja, cha mwisho kinajikunja nusu. Cha kati na cha pete vimelala ndani ya kiganja na havinyooki. Kiganja hakigeuki kutazama juu, kinaishia nusu ya njia, kwa hiyo ubao wa dari hakiushiki. Saa mbili na nusu alizokaa kwenye kochi zilimlia vidole viwili na kazi ya miaka ishirini na tatu.