Vibarua wa Laurentine

Laurentine alikuwa amemaliza sahani ya pili ya bugali na sombe, majani ya muhogo, mlangoni pa duka lake la vitenge pale Bwera, alipogundua hana nguvu ya kunawa mikono. Akapiga mwayo. Kibarua mdogo kama punje ya ulezi akatoka kinywani, akasimama ukingoni mwa sahani. Mikono yake ilikuwa imefungwa.

"Muko banani?" Laurentine akauliza.

"Tuko vimeng'enya, mama. Sisi njo tunachomaka chakula yako, unapata nguvu. Sasa arseniki, ile sumu ya mawe, imetufunga. Inaingiaka na maji ya kisima."

Wenzake wakatoka, wote wamefungwa. Mmoja akalalamika kwamba hata pale wanapofunga vifurushi vya nguvu amejipenyeza ndugu yake arseniki, amevaa sare ya fosfeti, mfungaji halali wa vifurushi; kila kifurushi anachogusa kinafumuka njiani.

Ramula, jirani muuza mchele, akawakusanya kwenye ungo, kuku wasiwadonoe. Akatuma watu wakamwite afisa wa maji.

Afisa huyo, Tumukunde, akaja kutoka Kasese na chupa yake ya maji ya dukani. Akauinamia ungo.

"Mna vitambulisho?"

Hawakuwa navyo.

"Basi rudini kazini. Mgomo ni kosa."

"Afande, mikono..."

"Kile kisima kilizinduliwa na mheshimiwa mwenyewe! Maji meupe pe. Mkiogopa, chemsheni."

"Kuchemusha inaua mududu," kibarua akasema. "Arseniki haiko mududu."

Tumukunde akamjibu kwamba serikali haijadiliani na wasio na anwani, akaondoka.

Laurentine akawaonea huruma, akafungua kinywa. Wakarudi ndani kwa adabu, mmoja mmoja, wakajaribu kufanya kazi kwa meno. Akapata nguvu ya kufika sokoni mara moja, ameegemea bega la Ramula, akauza vitenge ameketi. Baadaye akawa anasinzia huku anatafuna. Akafa njaa, tumbo limeshiba.

Siku ya mazishi vibarua walitoka tena, wakapanda kiganja cha Ramula. Akawapitisha kwa waombolezaji, huenda wakapata kazi kwingine.

"Hata huku tumefungwa," sauti ndogo ikajibu kutoka tumboni mwa katekista.

Katekista akakohoa kidogo, akanyoosha kikombe aongezewe chai. Ramula akawaweka vibarua mfukoni, akachukua ndoo, akaenda kisimani kuchota maji ya chai.