Soksi Hakukanyaga Chini

Kwaru, kwaru. Kimya. Kisha tena: kwaru.

Mama Chiriku alifumbua macho gizani akasikiliza. Mwanzo alidhani ni panya, halafu akakumbuka kwamba nyumba yao sasa ina mkazi mpya. Kijibwa alikuwa anakwaruza boksi alilotengenezewa kitanda, huko jikoni. Alfajiri ilikuwa bado.

"Mwanao anakuita," mumewe alinong'ona kutoka ndani ya shuka.

"Mwanangu yupi?"

"Yule mwenye mkia."

Akainuka huku akicheka kimyakimya. Lakini Chiriku alikuwa ameshamtangulia. Alimkuta amechuchumaa kando ya boksi, kidole chake kikinyonywa, akimsimulia kijibwa habari za mwalimu wao na chaki zake. Alikuwa ameanza shule mwaka ule, na jina lile la Chiriku alilipata kihalali: mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Aliongea hata akipiga mswaki. Kijibwa naye walimwita Soksi, maana mwili wake ulikuwa mweusi na miguu yote minne myeupe, kama mtu aliyesahau kuvaa viatu.

Daktari wa mifugo ndiye aliyewapa sheria, siku walipompeleka kuchanjwa mara ya kwanza.

"Bado hajamaliza sindano zake," alisema. "Mpaka amalize, huko nje asikanyage chini. Kuna ugonjwa wa kuhara damu, unawafagia hawa wadogo."

Chiriku alinyoosha mkono kama yuko darasani. "Hata kidole kimoja?"

"Hata ukucha."

Basi ikawa sheria ya nyumba. Chiriku aliwatangazia majirani wote, muuza mkaa, na hata mtu wa kusoma mita ya maji. "Soksi hakanyagi chini," alikuwa akiwaambia, amesimama mlangoni kama askari wa zamu. "Hata ukucha."

Shida ilikuwa mchana. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, aliondoka mapema. Chiriku alikwenda shule. Mama Chiriku alikwenda karakana. Soksi alibaki peke yake, na alilia. Si kulia kwa mchezo. Alilia mpaka jirani wa chumba cha pili, mama mmoja aliyefanya kazi za usiku na kulala mchana, akaja jioni kugonga mlango.

"Dada yangu, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini huyo mbwa wako ana msiba gani?"

"Nisamehe, dada. Ni upweke."

"Hata mimi ni mpweke. Mbona silii?"

Kesho yake Mama Chiriku alitoa mbeleko iliyokuwa imekunjwa chini ya sanduku, ile ile aliyombebea Chiriku alipokuwa mchanga. Akamfunga Soksi mgongoni, miguu ndani, kichwa nje, akashika njia. Aliona amepata akili ya ajabu. Daktari alisema asikanyage chini; basi, chini angefikaje?

Muuza mkaa alimwona akaweka gunia chini. "Dada! Huyo mtoto kafanana na baba yake!"

"Kamwambie hivyo baba yake, uone."

Kicheko kilimsindikiza mpaka kona. Alitembea akikwepa madimbwi na majalala, na kila mbwa wa mitaani alipojitokeza alivuka barabara. Alijisikia mama kamili.

Karakana ilikuwa ya Bi Godoro, mwanamke mnene mwenye vidole vyembamba. Watu walimletea magodoro ya zamani yaliyobonyea katikati. Yalipasuliwa, pamba ikatolewa, ikachambuliwa kwa mikono na kupigwa fimbo mpaka ikafura upya, kisha ikarudishwa ndani ya kitambaa kipya na kushonwa kwa shazia, sindano ndefu inayopenya godoro upande hadi upande. Kazi ya Mama Chiriku ilikuwa kuchambua. Alijua pamba iliyolaliwa na mgonjwa, iliyokojolewa na mtoto, iliyoficha sarafu. Jioni alirudi nyumbani na nyuzi nyeupe kwenye nyusi.

"Na huyu umemleta aombe kazi?" Bi Godoro aliuliza.

"Nyumbani analia, Bi Mkubwa. Hatakanyaga chini, daktari kakataza."

"Basi mweke juu ya pamba. Mfalme halali sakafuni."

Juu ya meza kulikuwa na rundo lililosubiri kuchambuliwa. Mama Chiriku akamlaza pale. Soksi alizunguka mara mbili tatu, akajichimbia, akalala usingizi wa pono. Alipoamka alitafuna vipande vya pamba, wakamcheka. Jioni akarudi nyumbani mgongoni, miguu yake minne ikiwa myeupe kama ilivyoondoka. Chiriku hakuambiwa. Mama yake aliona hakuna haja. Kutwa ingekuwa maswali, na yeye angetaka kumpeleka shule vilevile.

Zikapita siku chache. Jumamosi, baba alikuwa anarudi kutoka kazini, miwani ya kuchomelea ingali juu ya paji la uso, alipomwona binti yake getini. Rafiki yake wa darasani alikuwa anapiga makofi. Katikati yao, juu ya kiraka cha nyasi, alikuwa amesimama Soksi, ananusa.

"Chiriku! Tumesema nini?"

Mtoto alimnyakua kijibwa kama mtu anayeokoa kitu motoni. "Kidogo tu, baba. Nilitaka azione nyasi."

"Nyasi zitakwenda wapi? Si angeziona tu akimaliza sindano?"

Chiriku alilia, akabembelezwa, mambo yakaisha. Asubuhi iliyofuata Soksi hakukwaruza boksi. Walimkuta amelala ubavu, macho hayana mtu, na kando yake matapishi ya povu. Kufika mchana alikuwa anahara, na ndani yake mlikuwa na damu.

Baba aliinama, akamtazama kijibwa, kisha binti yake. Hakuwa mtu mkali. Alisema kwa sauti ya chini, na pengine ndiyo maana iliingia ndani zaidi: "Unaona sasa, mwanangu? Ndiyo maana tunakataza."

Chiriku hakujibu. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mama alimpeleka Soksi kwa daktari, pamoja na Chiriku. Chiriku aliambiwa asubiri kwenye benchi la korido, asione sindano ikiingia kwenye mshipa. Ndani, daktari alipapasa tumbo la Soksi, akatikisa kichwa.

"Ameshatoka nje?"

"Jana," Mama Chiriku alisema. "Mtoto alimweka kwenye nyasi. Dakika moja tu."

"Jana? Hapana. Ugonjwa huu hauna haraka hivyo, mama. Unajificha mwilini siku kadhaa kwanza. Kabla ya jana alikwenda wapi?"

"Hakukanyaga chini, daktari. Nilimbeba."

"Sijauliza kukanyaga. Alikwenda wapi?"

"Kazini kwangu. Nilimlaza juu ya pamba."

"Pamba mpya?"

Ndipo akilini alipomwona tena bwana mmoja mpole aliyeleta godoro dogo karakana, siku moja kabla ya kumpeleka Soksi, kitambaa chake kimechakaa pembeni. Alilishusha kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kuumia. Alikuwa anamweleza Bi Godoro, na Mama Chiriku alisikia kila neno huku vidole vyake vikiendelea na kazi: *Mbwa wetu ndipo alipolalia mpaka mwisho. Mke wangu anasema pamba bado nzuri, haifai kutupa.* Wote walimpa pole. Kisha pamba ikatolewa, ikawekwa juu ya meza.

"Daktari," alisema, na sauti yake ikamponyoka. "Nilikuwa naangalia ardhi tu."

Daktari hakumlaumu. Alimweleza kwamba vijidudu vile hukaa kwenye kitambaa, kwenye viatu, kwenye mikono ya watu, kwa muda mrefu sana. Kwamba kijibwa angelala pale kwa dripu na wangejaribu. "Kwa sababu alikwishapata sindano moja, tusikate tamaa," alisema. Mama Chiriku aliyashika maneno hayo kama mtu aliyeshika kamba.

Kwenye korido Chiriku alikuwa ameikalia mikono yake miwili.

"Amesema nini?"

"Amesema tungoje."

Alitaka kuendelea. Midomo ilikuwa wazi. Lakini benchi la pili alikaa mzee na paka wake, wakimtazama, akaona nitamwambia njiani. Njiani kulikuwa na kelele, akaona nitamwambia nyumbani. Nyumbani aliona nitamwambia baba yake akirudi, niseme mara moja. Baba yake akarudi, akampakata binti yake, akamwambia, "Usijali, mwanangu. Kila mtoto hukosea, ndivyo anavyojifunza," na Chiriku akaitikia kwa kichwa, macho chini. Pale pale ndipo palikuwa pa kusema. Mama Chiriku aliinuka akaenda kuongeza chumvi kwenye mboga iliyokwisha kutiwa chumvi.

Moyo nao ulimletea visingizio vizuri. Daktari hana hakika. Soksi akipona, nani atauliza? Na mtoto ni mtoto, husahau upesi. Lakini mama akipoteza imani ya mtoto wake, ataiokota wapi?

Cha ajabu, kesho yake hakusita hata kidogo mbele ya Bi Godoro. Alimweleza yote, wamesimama kati ya magodoro.

"Kumbe! Ile pamba nimeshaitia kwenye mito ya mteja," Bi Godoro alisema. "Umeua mbwa wako, sasa unataka kuua na biashara yangu?"

"Hajafa, Bi Mkubwa."

Bi Godoro alimtazama. Kisha akachukua wembe, akaipasua mito yote, akaichoma pamba nyuma ya karakana huku akinung'unika kwamba ujinga wake mwenyewe haumwachi. Meza wakaisugua wote wawili kwa maji ya klorini. Kwa tajiri wake ulimi ulifunguka. Kwa mtoto wa darasa la kwanza ulikuwa umefungwa kwa shazia.

Simu ya daktari ilimkuta hapo hapo, mikono ikinuka dawa. Walijaribu. Usiku moyo wake ulichoka. Pole sana, mama.

Aliomba ruhusa akarudi nyumbani. Alipofika karibu na geti aliona kwanza ndoo, ndoo yake ya kufulia, kisha mgongo wa Chiriku. Mtoto alikuwa bado amevaa sare ya shule, amepiga magoti kwenye kile kiraka cha nyasi, anasugua ardhi kwa brashi. Povu lilikuwa limegeuka tope. Nyasi zilikuwa zimeng'oka. Rafiki yake alisimama pembeni, amechanganyikiwa.

"Shikamoo, mama," yule rafiki alisema. "Anafua udongo."

"Marahaba, mwanangu. Chiriku, unafanya nini?"

Chiriku hakuacha kusugua. "Nasafisha. Wasije mbwa wengine wakaugua kwa sababu yangu."

Mama Chiriku alipiga magoti kwenye tope na gauni lake la kazi. Aliushika mkono wenye brashi. Ulikuwa umekunjamana kwa maji, mwekundu vifundoni. Alikuwa amesugua kwa muda gani, Mungu ndiye ajuaye.

"Sikiliza. Hapa hapana ugonjwa. Soksi alikuwa ameshaupata kabla hujamleta hapa."

"Baba amesema..."

"Baba hajui. Mimi ndiye niliyemtoa. Nilimbeba mgongoni nikampeleka kazini wewe ukiwa shule, nikamlaza kwenye pamba iliyotoka kwenye godoro la mbwa aliyekufa. Sikufikiri. Nilidhani asipokanyaga chini, basi." Akavuta pumzi. "Na Soksi amefariki, mwanangu. Daktari amenipigia sasa hivi."

Rafiki alianza kulia. Chiriku hakulia. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayesoma herufi moja moja.

"Ulijua lini?"

"Jana. Kwa daktari."

"Nilipokuwa kwenye benchi?"

"Ulipokuwa kwenye benchi."

Mtoto aliiweka brashi ndani ya ndoo, taratibu, maji yasimwagike. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni baba alisikia habari yote. Aliizungusha miwani yake mkononi, kisha akaenda kugonga mlango wa chumba cha binti yake. "Mimi nilikusingizia," alisema kupitia mlangoni. "Nisamehe." Ukafunguliwa kidogo, akaingia yeye peke yake. Mama Chiriku alibaki sebuleni na sahani tatu. Hakuomba aingizwe. Alijua kuna toba ambayo ni kusubiri tu.

Asubuhi Chiriku alijifunga vifungo vya sare mwenyewe, vikapishana, upande mmoja juu upande mmoja chini. Alikunywa chai bila neno. Alivaa begi. Mama yake alisimama mlangoni, mikono pembeni, akijizuia kugusa ile kola isiyolingana. Alitaka kusema watapata kijibwa mwingine, na kwamba safari hii wangengoja vizuri mpaka sindano ya mwisho. Aliyameza. Haikuwa saa yake ya kusema.

Chiriku alipita, akashuka ngazi ya kwanza, akasimama. Akageuka. Kidevu kilikuwa kinatetemeka, lakini sauti ilitoka nzima, ile ile iliyokuwa ikiwasumbua majirani, na Mama Chiriku alipoisikia alishika fremu ya mlango kwa shukrani.

"Mama, nimekukasirikia."